Jina la Tatu kwenye Kopo: Kuchagua Probiotiki ya Tumbo Linalojaa

Ukisimama mbele ya rafu ya probiotiki, yale makopo ya bakteria hai wa kusaidia tumbo, utaona namba zikishindana. Kopo moja limeandikwa bilioni 10, la pembeni bilioni 50, na la juu kabisa, ambalo kwa kawaida ndilo ghali, bilioni 100. Hili linajisifu kuwa na aina 4 za bakteria, lile aina 16. Mtu ambaye tumbo linamjaa kila jioni mpaka analegeza mkanda hushawishika kubeba lenye namba kubwa. Hoja yake inaeleweka: kama bakteria wazuri wanasaidia, wakiwa wengi si watasaidia zaidi? Lakini mambo hayaendi hivyo. Namba ile ya mbele ndiyo ya mwisho kuangaliwa. Cha kuangalia kwanza kimeandikwa nyuma, kwa herufi ndogo, na makopo mengi hayana kabisa.

Kabla ya kuligeuza kopo, lakini, inafaa kujua tumbo lenyewe linajaa nini.

Si kila tumbo lililojaa lina gesi nyingi

Tukisema tumbo limejaa gesi, tunachukulia kwamba utumbo umetengeneza gesi kupita kiasi. Kwa baadhi ya watu ni kweli. Lakini wengi wa wanaolalamika, wakipimwa, hukutwa na gesi ya kiasi kilekile walichonacho watu wasio na shida yoyote. Utumbo wa mtu mzima hubeba takriban mililita 100 hadi 200 za gesi kwa wakati mmoja, na kujamba mara 10 hadi 20 kwa siku ni afya njema, si ugonjwa. Kinachotofautiana ni namna neva za utumbo zinavyoihisi gesi hiyo. Kiasi ambacho mwenzako hana habari nacho, wewe kinakubana mpaka unashindwa kukaa.

Kuna la kushangaza zaidi. Watafiti wa Barcelona walipiga picha za CT matumbo ya watu wanaovimba, mara wakiwa wamevimba na mara wakiwa wametulia. Kwa kawaida vitu vikiongezeka tumboni, kiwambo, yaani ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, hupanda kidogo, na misuli ya mbele ya tumbo hukaza. Nafasi inapatikana bila tumbo kutokeza. Kwa wagonjwa wale ilikuwa kinyume: kiwambo kilishuka, misuli ya mbele ikalegea, tumbo likasukumwa nje, ilhali gesi iliyoongezeka ilikuwa kidogo tu. Ndiyo maana mtu huamka asubuhi tumbo likiwa bapa, na ikifika jioni akaulizwa ana ujauzito wa miezi mingapi. Huyu anasaidiwa zaidi na mazoezi maalumu ya kupumua, yanayoufundisha upya mwili kutumia kiwambo na misuli ya tumbo, kuliko kapsuli ya bakteria wa aina yoyote.

Halafu kuna wale ambao chanzo chao kiko wazi, ila hakuna aliyewauliza. Choo kisichotoka kwa siku kadhaa huendelea kuchachuka ndani na kuzuia gesi isipite; hapo tiba ni kulainisha choo. Takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani hawamalizi kusaga laktosi, sukari iliyo kwenye maziwa, na inayobaki huliwa na bakteria wa utumbo mpana ambao hutoa gesi. Vitunguu, maharage, ngano, tufaha na peremende zenye sorbitoli, kitamu cha badala ya sukari, hufanya vivyo hivyo, na mpango wa ulaji unaopunguza vyakula vya namna hiyo kwa muda, uitwao FODMAP, uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash kule Melbourne, una ushahidi mzuri kuliko probiotiki nyingi zilizoko sokoni. Wapo pia wanaomeza hewa tu: soda, bablishi, kula haraka huku wanaongea. Kwa maoni yangu, mtu ambaye hajawahi kuacha maziwa hata kwa wiki mbili aone kitakachotokea hana haraka yoyote ya kununua kopo.

Na kuna tumbo ambalo halipaswi kusubiri majaribio ya nyumbani. Kupungua uzito bila sababu, damu kwenye choo, upungufu wa damu, kutapika kusikokoma, maumivu au kuhara kunakokuamsha usiku, mabadiliko ya choo yanayoanza ukubwani, au ndugu wa karibu aliyewahi kuugua saratani ya utumbo: hayo ni ya daktari. Wanawake, hasa waliofikisha miaka 50, wasidharau tumbo lililoanza kujaa hivi karibuni na halishuki siku hata siku, kwa sababu saratani ya ovari huanza hivyohivyo, kimyakimya, na wengi hutumia miezi wakijitibu gesi.

Probiotiki ni nini hasa

Wazo ni la zamani. Ilya Mechnikov, mwanasayansi wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi yake kuhusu kinga ya mwili, aliamini uzee unaletwa na uozo ndani ya utumbo mpana, na kwamba maziwa ya mgando yangeuzuia. Hakuthibitisha hilo, lakini alifungua mlango. Maana inayotumika leo ilitungwa na wataalamu wa FAO na WHO mwaka 2001 na kunyooshwa kidogo mwaka 2014: ni vijidudu hai ambavyo vikitolewa kwa kiasi cha kutosha humletea faida ya kiafya anayevitumia. Yako masharti matatu humo. Viwe hai, viwe vya kutosha, na faida iwe imeonyeshwa. Sharti la tatu ndilo bidhaa nyingi zinaliruka kwa mbele.

Tuweke ukubwa wa mambo sawa pia. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yanasema mtu mzima ana bakteria wapatao trilioni 38, walio wengi wakiwa utumbo mpana. Kapsuli ya bilioni 10 ni tone kwenye umati huo, na wageni hao hawahamii. Kwa watu wengi, ukiacha kumeza, baada ya wiki moja au mbili hawaonekani tena kwenye choo. Wanafanya kazi wakiwa safarini, kama wanafanya: wanatoa asidi, wanawabana bakteria wengine, wanazungumza na ukuta wa utumbo na neva zake. Ile lugha ya matangazo ya kwamba kapsuli "inapanda upya bustani ya tumbo" ni ya wauzaji.

Sasa geuza kopo

Bakteria wa probiotiki hutajwa kwa majina matatu, kama mtu anavyotajwa kwa jina lake, la baba na la babu, ila hapa mpangilio umepinduliwa: ukoo unatangulia na mhusika mwenyewe anakuja mwisho. Chukua Bifidobacterium longum 35624. Bifidobacterium ni jenasi, ukoo mpana. Longum ni spishi. Hiyo 35624 ni nasaba, yaani kizazi mahususi kilichotengwa maabara, kikahifadhiwa na kupewa namba. Utafiti hufanywa kwa nasaba. Kopo linaloishia kwenye "Bifidobacterium longum" limekupa ukoo bila kukwambia ni nani.

Ukidhani hilo ni suala la wasomi tu, angalia Escherichia coli. Nasaba ya Nissle 1917 ilitengwa na daktari Mjerumani Alfred Nissle wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kutoka kwa askari ambaye hakuharisha wakati wenzake wanaugua, na hadi leo inatumika kama probiotiki. Nasaba ya O157:H7 huleta kuhara damu na inaweza kuharibu figo. Spishi moja, majina mawili ya kwanza yaleyale.

Usishangae pia ukikuta nasaba ileile ina majina mawili. Mwaka 2020 wataalamu wa uainishaji waliivunja jenasi ya Lactobacillus, iliyokuwa imebeba spishi zaidi ya 200 zisizofanana, wakaigawa katika jenasi 25. Lactobacillus plantarum sasa ni Lactiplantibacillus plantarum, na Lactobacillus rhamnosus imekuwa Lacticaseibacillus rhamnosus. Kampuni nyingi bado zinaandika ya zamani. Jina la tatu halikuguswa, kwa hiyo lifuate hilo.

Nasaba ipi, basi, kwa tumbo linalojaa? Hapa jibu linakuwa fupi kuliko wengi wanavyotarajia. Tafiti nyingi zimefanywa kwa watu wenye IBS, ile hali ya tumbo kuuma na choo kuvurugika kwa muda mrefu huku vipimo havionyeshi kidonda wala uvimbe. Katika hao, nasaba mbili hutajwa mara kwa mara: 35624 niliyoitaja, na Lactiplantibacillus plantarum 299v. Zote mbili zina matokeo mazuri na matokeo ya kukatisha tamaa. Kwa 299v, utafiti wa India uliochapishwa mwaka 2012, wenye wagonjwa 214, ulionyesha maumivu na kujaa kwa tumbo vikipungua kuliko kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Utafiti wa Afrika Kusini wa mwaka 2014, uliokuwa mdogo, haukuona tofauti. Kwa 35624, watu wenye tumbo kujaa lakini wasio wagonjwa wa kliniki walipojaribiwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ukali wa dalili ulipungua karibu sawa kwa waliopewa nasaba hiyo na kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Lakini utafiti wa 35624 ambao kila mnunuzi angepaswa kuujua ni wa mwaka 2006, ulioongozwa na Peter Whorwell wa Manchester. Wanawake 362 wenye IBS waligawanywa makundi manne. Kundi moja lilipewa kapsuli tupu, la pili kapsuli yenye bakteria milioni 1, la tatu milioni 100, la nne bilioni 10. Wiki nne zilipokwisha, waliopata milioni 100 walikuwa na nafuu ya wazi, kwenye maumivu na kwenye kujaa pia. Waliopata milioni 1 hawakuwa tofauti na waliopata kapsuli tupu. Na waliopata bilioni 10, dozi kubwa mara mia, nao hawakuwa tofauti na waliopata kapsuli tupu. Watafiti walipoichunguza kapsuli ya dozi kubwa waligundua kwamba unga uliokuwa ndani, ukiguswa na unyevu, uliganda ukawa donge gumu kama gundi. Bakteria walikuwamo, mabilioni yao, ila hawakuweza kutoka. Ukikutana tena na kopo la bilioni 100, kumbuka hilo donge.

Kwa hiyo dozi sahihi ni ile iliyotumika kwenye utafiti wa nasaba husika, basi. Kwa 35624 ni milioni 100. Kwa 299v ni bilioni 10. Kuzilinganisha hizo mbili kwa namba hakuna maana yoyote. Wala aina 16 ndani ya kapsuli moja si bora kuliko aina moja. Mchanganyiko ni bidhaa yake yenyewe, na unahitaji kuwa umejaribiwa ukiwa mchanganyiko huohuo, kwa viwango vilevile. Wengi wa michanganyiko hiyo haijawahi kujaribiwa na yeyote.

Mashirika ya madaktari nayo hayakubaliani. Chama cha madaktari wa njia ya chakula cha Marekani, AGA, kilisema mwaka 2020 kwamba wenye IBS watumie probiotiki ndani ya majaribio ya kitafiti tu. Wenzao wa ACG, wa Marekani pia, mwaka uliofuata walishauri zisitumike kwa dalili za IBS kwa jumla. Waingereza wa BSG, mwaka huohuo wa 2021, walisema zinaweza kusaidia zikichukuliwa kama kundi, ila hawawezi kutaja ipi. Anayetaka ajaribu hadi wiki 12, na asipoona nafuu aache. Wote walikuwa na tafiti zilezile mezani. Tofauti ni uvumilivu wa kila chama kwa ushahidi dhaifu, na ukweli kwamba kujaribu kuna hatari ndogo kwa mtu mwenye afya. Mimi naegemea kwa Waingereza, kwa sharti la kwamba jaribio lifanyike kwa utaratibu.

Mambo mengine ya nyuma ya kopo

Idadi ya bakteria huandikwa kwa kipimo cha CFU, kinachohesabu wale walio hai na wenye uwezo wa kuzaliana. Tazama kama idadi hiyo ni ya siku bidhaa ilipotengenezwa au ni ya hadi mwisho wa muda wake wa matumizi. Bakteria hufa kopo likiwa kwenye rafu, na joto na unyevu huwaharakisha. Kampuni inayoandika idadi ya siku ya kwanza peke yake inakuuzia wazaliwa bila kukwambia walionusurika. Ikiandikwa miligramu badala ya CFU, ni mbaya zaidi, maana wafu nao wana uzito.

Kuhusu friji, fuata maelekezo ya bidhaa yenyewe. Zipo zinazohitaji baridi na zipo zilizokaushwa vizuri zikavumilia joto la chumba. Bakteria wa jamii ya Bacillus hujifunga ndani ya spora ngumu na hustahimili sana, lakini kustahimili joto si ushahidi wa kutuliza tumbo. Kitu kimoja usikifanye: kuhamishia kapsuli kwenye kikopo kingine kizuri ukakitupa kile kifuko kidogo kinachonyonya unyevu.

Soma pia viambato vingine, na hapa ndipo watu wenye tumbo la gesi hujikwaa. Bidhaa nyingi huongezewa inulini au FOS, nyuzi zinazowalisha bakteria. Kwa mtu mwenye utumbo mwepesi kuchachua, nyuzi hizo ndizo gesi yenyewe: ni vyakula vilevile ambavyo mpango wa FODMAP unakwambia uvipunguze. Mtu anameza kapsuli kuondoa kujaa, anajaa zaidi, anaambiwa eti hiyo ni dalili kwamba bakteria "wanapigana". Hapana, ni inulini. Zinazotafunwa huweza kuwa na sorbitoli au zailitoli, na baadhi huwa na laktosi au protini ya maziwa.

Je, kilichoandikwa ndicho kilichomo? Si lazima. Nchini Marekani virutubisho vya nyongeza havihitaji idhini ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, kabla ya kuuzwa. Watafiti walipopima vinasaba vya bidhaa 16 za bifidobakteria zilizokuwa sokoni, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2016, bidhaa moja tu ndiyo iliyolingana kikamilifu na maelezo ya lebo yake. Ulaya wamechukua njia ya ukali: Tume ya Ulaya inalichukulia neno probiotiki lenyewe kuwa ni dai la kiafya, na dai la kiafya halipiti bila ushahidi. Dai lililopita mtihani wa EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, ni la mtindi wenye bakteria hai, kwamba husaidia kusaga laktosi ya mtindi huohuo. Ukiwa na chaguo, chukua bidhaa iliyojaribiwa yenyewe kwenye utafiti, au iliyopimwa na maabara isiyo ya kampuni.

Wasiopaswa kujaribu wenyewe

Kwa mtu mwenye afya ya kawaida madhara ni madogo: gesi kidogo zaidi kwa siku chache za mwanzo. Kwa wengine hali ni tofauti kabisa. Mwaka 2008 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uholanzi uliowapa probiotiki wagonjwa mahututi wa uvimbe wa kongosho; waliokufa walikuwa asilimia 16, dhidi ya asilimia 6 kwa wasiopewa. Mwaka 2023 FDA ilitoa onyo kuhusu kuwapa watoto njiti probiotiki hospitalini. Mwenye kinga iliyoshuka sana, anayetibiwa saratani, au mwenye mrija kwenye mshipa mkubwa wa damu asianze bila daktari wake kujua. Saccharomyces boulardii, ambayo ni hamira na si bakteria, imewahi kuingia kwenye damu ya wagonjwa wa namna hiyo.

Na wale wanaokunywa probiotiki kila wanapomaliza antibiotiki ili "kurudisha" bakteria wao? Watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israel, walionyesha mwaka 2018 kwamba waliopewa mchanganyiko wa probiotiki baada ya antibiotiki walichelewa kurudiwa na bakteria wao wa asili kuliko walioachwa bila kitu. Kuzuia kuhara kunakoletwa na antibiotiki ni suala jingine, lenye ushahidi wake na nasaba zake. Usilichanganye na tumbo kujaa.

Jaribio lenyewe

Chagua bidhaa moja yenye majina matatu, kwa dozi iliyojaribiwa. Kabla ya kuifungua, andika kila jioni kwa wiki nzima tumbo limekusumbua kiasi gani, kutoka 0 hadi 10. Kisha meza kila siku kwa wiki nne, bila kubadilisha mlo, bila kuanza mazoezi mapya, bila kuongeza chai ya dawa pembeni, huku ukiendelea kuandika. Daftari ni la lazima kwa sababu katika majaribio ya IBS zaidi ya theluthi moja ya wanaopewa kidonge kisicho na dawa nao hupata nafuu, na kumbukumbu hupenda kuipendelea pesa iliyokwisha kutumika.

Wiki nne zikipita bila namba kushuka, acha. Usihamie ya bilioni nyingi ya kampuni ileile. Ukitaka nafasi ya pili, chukua nasaba nyingine kabisa, kisha funga mjadala na urudi kwenye choo, maziwa na pumzi. Namba zikishuka, acha vilevile, kwa wiki mbili au tatu, uone. Kwa kuwa bakteria hao hawakai, kama ni wao waliokusaidia basi shida itarudi, na utakuwa na sababu ya kununua kopo la pili. Isiporudi, shida huenda ilikuwa inaondoka yenyewe.